Gari Limekunywa Luku: Bi. Mwiko Anajibu Barua Zenu

Wiki hii nimepokea barua tano. Nimezijibu kwa mpangilio zilivyofika, na nilipofika ya nne nikajikuta narudi kwenye ya pili nikicheka peke yangu jikoni kama mwehu. Mtaona wenyewe. Nilichokwisha kuandika sikukifuta. Mnaonisoma siku zote mnajua mimi si daktari, si mwanasheria, wala ndoa sijaisomea. Nimepika miaka 40 tu.

*Shikamoo Bi. Mwiko. Nimeoa miezi sita iliyopita. Mke wangu akipika chai anatia tangawizi, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Kwetu chai ni maji, majani na sukari, basi. Nikisema, ananijibu kuwa chai ya kwetu ni maji ya kusuuzia sufuria. Nifanyeje? — Chai ya Rangi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Wewe unaishi Morogoro, kila ukifungua dirisha unaiona milima ya Uluguru, na iliki na pilipili manga zinashuka kutoka huko huko Matombo mpaka sokoni kwenu. Mwenzio anakuletea mlima kwenye kikombe, nawe unanuna! Kuna watu Dar es Salaam wananunua iliki kwa kuhesabu punje.

Ila nami nina la kuungama. Mimi nilikuwa mtu wa vijiko vinne vya sukari. Mwanzoni mwa 2024, mvua zilipovuruga uzalishaji wa viwanda na sukari ikaadimika madukani, nilikunywa chai kavu wiki mbili huku nikilaumu kila mtu. Wiki ya tatu nikaanza kuisikia tangawizi. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nakunywa sukari ya moto.

Hukumu yangu: nunueni chupa ya chai ya pili. Ya kwako iwe na kifuniko cha bluu, ya kwake chekundu. Mgeni akija, anywe ya mkeo.

*Shikamoo Bi. Mwiko. Mume wangu hali mchuzi usio na nyanya. Lazima uwe mwekundu, la sivyo anauliza kama tumefiwa. Sasa ni masika, fungu la nyanya nne limepanda hadi naona aibu kulitaja. Hela ya matumizi nayo imepungua tangu mwezi wa pili, na sababu hasemi. Nimejaribu nyanya ya kopo, akasema ina ladha ya bati. Nimlisheje mtu huyu? — Mchuzi Mweupe, Kimara*

Marahaba, mama. Pole. Kwanza usigombane na mwenye genge, hana kosa. Nyanya na mvua hazipatani. Shamba likiloa kila siku, majani yanaingia madoa, ndiyo hiyo bakajani wanayoilalamikia wakulima, na tunda linaoza halijaiva. Mkulima akipuliza dawa asubuhi, mvua ya mchana inaiosha. Kilichosalimika kinapakiwa kwenye matenga kutoka Ilula au Lushoto, barabara za shamba zikiwa uji, na tenga la chini likifika Ilala limeshaanza kuwa mchuzi lenyewe. Hapo unalipia zilizofika pamoja na zilizooza njiani. Subiri kiangazi kikolee uone yule yule muuza genge anavyokuita kwa jina akubembeleze ubebe sado mbili. (Sado, kwa wageni wa jiji, ni lile kopo la rangi lililohamia sokoni likawa kipimo.)

Sasa kuhusu bwana. Mwambie nyanya ni mgeni. Asili yake ni Amerika, kama yalivyo mahindi ya ugali wake na muhogo anaotafuna saa nne asubuhi. Mwenyeji wa bara hili ni nyanya chungu, ambaye nina hakika mumeo hamgusi. Bibi zetu walipika mchuzi mweupe, wa kijani na wa rangi ya udongo, na hakuna aliyeuliza nani kafa.

Halafu jiulize nyanya inafanya kazi gani humo sufuriani. Inaleta uchachu na inaleta uzito. Uchachu unapatikana kwenye ukwaju uliolowekwa, kwenye ndimu, kwenye mbirimbi kama una jirani mwenye mti. Uzito uko kwenye kitunguu ulichokikaanga bila haraka mpaka kikawa kahawia, kwenye karoti iliyokunwa, kwenye tui, kwenye karanga za kusaga. Ukichukua kitunguu, karoti, binzari kidogo na maji ya ukwaju, utapata mchuzi wenye rangi ya machweo. Usimwambie kitu. Mwache amalize sahani.

Na kwa nini mnapigana na masika badala ya kula kile masika inacholeta? Matembele sasa yanatambaa mpaka kwenye mitaro. Majani ya maboga ni laini kuliko yatakavyokuwa tena mwaka huu. Mlenda umejiotea wenyewe. Mchicha wa mabondeni ndio wa kuuangalia, kwa sababu mvua kubwa inausomba na unaobaki umejaa mchanga, lazima uoshe maji matatu. Lakini mfalme wa msimu usio na nyanya ni kisamvu. Kitwange kwenye kinu mpaka kilainike, kichemshe muda mrefu bila kufunika maana jani bichi la muhogo lina sumu, halafu umwagie tui na karanga. Kisamvu ukikitia nyanya umekikosea adabu.

Nyanya zikishuka bei, usizile zote. Zikate vipande, nyunyiza chumvi, anika juani siku kadhaa chini ya chandarua, weka kwenye chupa. Ndugu zetu wa Dodoma wanakausha mlenda na kuula kiangazi kizima, na sisi wa Dar tunawacheka huku tukinunua nyanya moja kwa bei ya yai.

Hiyo hela ya matumizi iliyopungua siijui. Muulize akiwa ameshiba.

*Bi. Mwiko, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa kisasa. Mwezi wa pili nilinunua Nissan Leaf ya mwaka 2012, gari la umeme, iliyotumika Japani. Naichaji usiku kwa ekstensheni inayopita dirishani. Tangu hapo sijakanyaga kituo cha mafuta. Tatizo, nilipompeleka mama Morogoro ilizima mbele kidogo ya mizani ya Vigwaza. Mama kamalizia safari kwa basi, na hadi leo hapokei simu yangu. Je, nimeibiwa? Nimebana matumizi ya nyumbani ili nimalize deni lake. — Bila Moshi, Kimara*

Marahaba. Hujaibiwa. Umenunua gari kama anayenunua tikiti maji kwa kuangalia ganda.

Gari lako lilipotoka kiwandani lilikuwa na betri ya uniti 24. Uniti hizo ni zile zile za luku, umeme wa kulipia kabla, hakuna lugha nyingine hapo. Pembeni ya kipimo cha chaji kuna vijiti 12 vidogo vinavyoonyesha afya ya betri. Havipandi ukichaji, vikishuka vimeshuka. Nakubashiria lako limebaki na vinane hivi. Maana yake tangi limesinyaa, sasa linabeba theluthi mbili, uniti kama 16. Na betri za Leaf hazina mfumo wa kupoozwa kwa maji kama magari mengine ya umeme, zinategemea hewa tu, kwa hiyo joto linazizeesha. Nawe umelileta Dar es Salaam!

Kutoka Dar hadi Morogoro ni kilomita 190 hivi. Gari lako likiwa jipya kabisa lilikuwa linakwenda kama kilomita 117 kwa vipimo vya Marekani. Mama yako alipanda basi tangu siku gari linatengenezwa, ni vile tu hakuna aliyemwambia.

Ila sitaki kulitukana gari la watu. Kwa safari ya Kimara na Posta nalisifu. Magari ya petroli yakisimama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro yanaendelea kunywa. La kwako likisimama limesimama kweli, kinachokula ni kiyoyozi na redio. Ukikanyaga breki linarudisha umeme kidogo kwenye betri, na katika jiji hili breki tunakanyaga kuliko mafuta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 34, zinakula uniti saba na ushee. Kwa siku 26 za kazi hizo ni uniti 187 hivi. Shilingi 1,000 inakupa uniti 2.8, basi gharama yako ya mwezi haifiki hata 70,000. Gari la petroli linalokwenda kilomita 10 kwa lita lingetaka lita 88. Zizidishe kwa bei iliyotangazwa na EWURA, wadhibiti wa mafuta na umeme, Jumatano ya kwanza ya mwezi huu, halafu ukae kitako.

Lakini hiyo ekstensheni! Tanzania tumejenga Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, megawati 2,115, halafu wewe unataka zikufikie kwa waya mwembamba kama kamba ya kiatu, uliobanwa na dirisha, saa kadhaa mfululizo. Siku moja utaamka unanusa plastiki. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, akuvutie laini yake peke yake kutoka kwenye mita, waya mnene, na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini. Usilijaze mpaka pomoni kila siku, asilimia 80 inatosha, wala usiliache limejaa juani.

Mama yako mpelekee kitenge. Kwa basi.

*Bi. Mwiko, habari za kazi. Nauza barafu na juisi ya ukwaju. Tuko familia nne kwenye mita moja, kila familia inatoa 10,000, na ilikuwa inafika mwisho wa mwezi. Siku hizi luku inakata tarehe 11 au 12. Baba wa nyumba ya mbele ana gari linalonyonya kupitia dirishani, nikimuuliza anasema halitumii mafuta kwa hiyo halina gharama. Barafu zangu zimeyeyuka mara tatu. Mkewe ni mtu mwema, maskini, ila siku hizi anakuja kukopa nyanya moja moja. — Zimeyeyuka, Kimara*

Nzuri, mwanangu. Subiri nikae.

Kimara. Dirishani. Nyanya moja moja. Mwezi wa pili!

Haya, hesabu. Shilingi 40,000 zenu zinaleta uniti 112. Familia nne pamoja na friji lako mlikuwa mnakula chini ya uniti nne kwa siku, ndiyo maana mwezi ulifika. Gari peke yake linakula saba. Jumla kumi na moja kasoro kidogo. Uniti 112 zigawe kwa hiyo, utaangukia tarehe 11 kamili. Wewe umepima kwa barafu, mimi nimepima kwa kalamu, na jibu ni moja.

Bwana Bila Moshi, najua unasoma. Gari lako halijaacha kunywa. Limehama baa, na bili wanalipa majirani. Hizo elfu sitini na kitu nilizokusifia hapo juu hukuzilipa wewe. Zimelipwa na muuza barafu, na zile ulizobana nyumbani zimelipwa na sufuria la mkeo, ambaye unamwuliza kama amefiwa. Naamuru hivi: funga submita kwenye laini ya gari wiki hii, uniti zake ulipe mwenyewe. Barafu zilizoyeyuka mara tatu uzilipe kwa bei ya reja reja. Hela ya matumizi irudi ilipokuwa kabla ya Februari, na deni la gari ulilipe kwa kile unachookoa kwenye petroli, maana kinatosha. Mchuzi utakaowekewa mwezi huu utaula kwa rangi yoyote utakayoikuta.

Mama Mchuzi Mweupe, ukwaju wote unaouhitaji uko kwa jirani yako wa nyuma. Usikope. Nunua.

*Shikamoo Bi. Mwiko. Mchumba wangu ni wa Bukoba, kaniletea senene waliokaangwa. Nimewaangalia, nao wakaniangalia. Nikatae? — Nimekwama, Mbeya*

Marahaba. Msimu mkubwa wa senene ni Novemba. Wanakuja usiku wakifuata taa, watu wanakesha nje na mabati na mapipa kuwakamata, kisha anakaa mtu kunyofoa mabawa na miguu, mmoja mmoja. Kama amekuwekea mpaka sasa, huyo amekupa akiba yake. Kula watatu umefumba macho. Wa nne utamchukua mwenyewe.

Nafasi imekwisha. Barua za nyanya nazifunga mpaka mvua zikatike, nitumieni za dona na sembe. Na wewe uliyeacha fungu la matembele getini kwangu Ijumaa bila kuandika jina, yamefika na nimeyala, ahsante sana. Ila safari nyingine usiyafunge kwa ukurasa wangu wa wiki iliyopita. Nilikuwa bado sijausoma.