Pongezi kwa Waliofunga Mota

Tuwape hongera watengenezaji wa mashine za kufyonza vumbi wa siku hizi, maana wametuondolea adha kubwa. Zile kongwe za Hoover, zilizotokana na hataza ya mwaka 1908 ya James Murray Spangler, mfagiaji wa Ohio, zilikuwa na ushamba wa ajabu: uchafu ulipita kwenye feni kabla ya kufika mfukoni. Sarafu moja ikivunja panga la feni, mashine nzima ilitetemeka kama mwenye homa, na mwenyewe akalazimika kushika bisibisi, afungue kifuniko, azuie shafti isizunguke, alegeze nati (nyingine, kwa ukaidi tu, hufunguka kwa kugeuzwa kulia), achomoe feni, apachike mpya. Kisha mashine ikaendelea kunguruma miaka na miaka. Aibu iliyoje! Mtu mzima anatumia mashine ya bibi yake, ilhali jirani ameshanunua ya nne.

Leo mota imezibwa kistaarabu, haina hata skrubu ya kukujaribu. Ikianza kulia vibaya, huna haja ya kuhangaika: unaisindikiza jalalani pamoja na kadi ya waranti iliyokwisha juzi. Na boksi la mpya limechorwa jani la kijani, ujue wanayapenda mazingira.