Skana Haina Undugu

Dar es Salaam hakuna kisichozungumzika. Kodi ya nyumba inazungumzika, nauli ya bodaboda inazungumzika, na hata mahari, ambayo wazee huitaja kwa sauti ya hakimu, hushuka chai ikishamiminwa. Kwa hiyo Mamdogo alipogundua kwamba skana ya bakodi haizungumziki, aliona amedharauliwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mamdogo anauza mtandaoni kutoka sebuleni kwake Tabata. Ana asali ya Tabora, achari ya embe, karafuu za Pemba, ubuyu wa Zanzibar, na mafuta ya aina nyingi kuliko anavyoweza kuyakumbuka. Mafuta ndiyo yaliyotuletea bakodi. Chupa zake zinafanana zote, na miezi ya baridi mafuta ya nazi yanaganda na kuwa meupe, basi hata kuyatazama kwenye mwanga hakusaidii. Kijana wa bodaboda alikuwa anabeba kwa kubahatisha. Mteja wa Mbezi aliyeagiza mafuta ya kupikia akapelekewa ya nywele, yale yenye asumini, akayakaangia maandazi. Hakulalamika, aliuliza tu kama yatakuwepo Ramadhani. Ila yule aliyeagiza ya nywele akapata mafuta yaliyochujwa kwenye achari ya pilipili, na huyo alilalamika kwa simu, kwa maandishi na kwa video.

Mimi ndiye mtoto wa ukoo ninayesemekana najua kompyuta, cheo ambacho kwetu hupewa yeyote aliyewahi kuonekana akichomoa waya na kuurudisha. Nikaitwa. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza Mamdogo kwamba bakodi si picha, ni namba iliyoandikwa kwa unene. Skana inamulika, inapima upana wa mistari myeusi na upana wa nafasi nyeupe zilizo katikati yake, basi. Haijui asali wala mafuta. Jina la bidhaa liko kwenye kompyuta, na namba ndiyo inayokwenda kuliita.

“Sawa,” akasema, “kaka yako ameshazitengeneza.”

Kaka yangu, yaani mwanawe wa kwanza, alikuwa amepiga picha bakodi ya pakiti ya biskuti, akaibandika kwenye achari yote. Hoja yake ilikuwa kwamba mistari ni mistari. Achari hiyo ilikwishapelekwa kwenye duka moja la kujihudumia mtaa wa pili, ambako keshia aliipitisha kwenye mashine, mashine ikasema biskuti, na mteja akaondoka na nusu kilo ya achari kwa bei ya biskuti. Inasemekana alirudi jioni ile ile na ndugu zake.

Hapo ikabidi tuzungumzie namba zinatoka wapi. Bakodi ya kawaida ya dukani ina tarakimu 13. Zinazoanza na 620 zimetolewa kupitia GS1 Tanzania, na zinazoanza na 616 kupitia GS1 Kenya. Tarakimu hizo zinakwambia ni ofisi gani iliyogawa namba, hazikwambii bidhaa imetengenezwa wapi; wale wanaosambaza ujumbe wa kukufundisha kuitambua nchi ya bidhaa kwa tarakimu tatu za kwanza wangeacha tu. Ukitaka kuuza kwenye maduka ya watu, unajiandikisha na kulipia. Ukitaka kuhesabu chupa za sebuleni kwako tu, kuna namba zinazoanza na 20 hadi 29 zilizoachwa kwa matumizi ya ndani ya duka. Mamdogo aliposikia hizo hazilipiwi, alizichagua kabla sijamaliza sentensi.

Akataka zote ziishie na 88, kama namba yake ya simu. Nikamwambia tarakimu ya mwisho haichaguliwi, inakokotolewa. Unachukua zile 12 za mwanzo, unazizidisha kwa 1 na kwa 3 kwa kupokezana, unajumlisha, kisha unatafuta kinachopungua ili jumla ifike kwenye kumi kamili. Asali tulikuwa tumeipa 200000000001. Mbili mara 1 ni 2, moja ya mwisho mara 3 ni 3, jumla 5. Pungufu ni 5. Namba kamili ni 2000000000015, na ukibadilisha tarakimu moja tu skana inaikataa.

“Hata kwa kulipia?”

“Hata kwa kulipia, Mamdogo.”

Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kuna ofisi isiyo na karani.

Kaka akaziandika namba zote kwenye Excel. Excel ikiona namba ndefu kwenye safu nyembamba huifupisha ionavyo yenyewe, kwa hiyo asali, karafuu, ubuyu na mafuta yote yakasomeka 2E+12. Yeye akanakili kilichoonekana, akakipeleka kwenye programu ya bakodi aina ya Code 128, ambayo hupokea herufi na alama bila kuuliza, nayo ikamchorea kwa utii mkubwa bakodi moja mara kumi na kitu. Dawa yake ni kuiambia safu hiyo kwamba kilichomo ni maandishi kabla hujaandika chochote. Kaka alisema mambo kama hayo yangekuwa yanatangazwa redioni.

Namba zikapatikana. Kazi ikahamia kwenye urembo, na hapo ndipo niliposhindana na mwanamke aliyepamba kumbi za harusi miaka yote ya ujana wake.

Kwanza alitaka mistari iwe myekundu. Rangi ya duka lake ni nyekundu na dhahabu. Tatizo ni kwamba skana za kawaida zinamulika kwa mwanga mwekundu, na wino mwekundu unaurudisha mwanga huo sawasawa na karatasi nyeupe inavyourudisha. Kwa skana, lebo nzima ilikuwa nyeupe. Mamdogo akaielekeza, kimya. Akaigonga kwenye paja, kimya. Akaipuliza. Kisha akachukua simu yake, akaipiga ile lebo kwa kamera, na simu ikaisoma papo hapo. Sikuwahi kusalitiwa namna ile. Ilinichukua glasi mbili za juisi ya ukwaju kumweleza kwamba kamera ya simu inatumia mwanga wa kila rangi na skana yetu inatumia mmoja tu, na kwamba mwenye duka hachagui atasomewa na kifaa gani. Tukapatana kwa mweusi juu ya mweupe. Alisaini mapatano hayo kwa kuguna.

Kisha likaja suala la uwazi. Bakodi ya tarakimu 13 inahitaji kuachiwa weupe pembeni: upande wa kushoto upana wa mara 11 ya mstari mwembamba kuliko yote, na kulia mara 7. Bila weupe huo skana haijui namba inaanzia wapi. Mimi nikaona ni jambo dogo. Lakini mwambie mfanyabiashara wa Kitanzania aache nafasi tupu kwenye karatasi aliyoilipia! Tazama mabango yetu, tazama kadi za harusi, tazama nyuma ya daladala. Kushoto Mamdogo akaweka waridi, kulia akaweka “Karibu Tena Mpenzi Mteja”, na chini, juu ya miguu ya mistari, namba ya kutumia pesa. Lebo ilipendeza kweli, na haikusomeka kabisa.

“Hapo weupe unafanya kazi gani?” akauliza.

“Unafanya kazi ya kuwa mweupe.”

“Na mimi nimlipie karatasi?”

Nilijaribu historia. Nikamsimulia juu ya Norman Joseph Woodland, Mmarekani aliyekaa ufukweni Miami Beach, mwaka 1949, akiwaza nukta na vistari vya Morse, akavuta vidole mchangani na kuona mistari minene na myembamba. Yeye na mwenzake Bernard Silver wakapata hataza mwaka 1952. Mamdogo akasikitika sana. Sisi tuna mchanga kutoka Tanga mpaka Mtwara, akasema, na watu wanauchora kila Jumapili, wanachora makopa tu. Nikaendelea: bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine kwa bakodi ya maduka ilikuwa pakiti ya ubani wa kutafuna wa Wrigley, tarehe 26 Juni 1974, huko Troy, Ohio. Mistari ya siku hiyo ilisanifiwa na George Laurer wa IBM. Kabla yake kulikuwa na wazo la duara, ila wino wa mashine ya kuchapa ulipochuruzika duara liliharibika. Mstari ulionyooka ukichuruzika kuelekea urefu wake unarefuka tu, na skana haijali urefu. Hilo alilielewa haraka, kwa sababu amewahi kupaka wanja.

Waridi likahamia juu ya lebo. Pesa ikahamia upande wa pili wa chupa.

Faili tulilituma steshenari kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp huzibana picha ili zisafiri, kwa hiyo kingo za mistari zilifika zikiwa na ukungu. Kijana wa steshenari akaona picha ni fupi kuliko stika, akaivuta ijae. “Nimekuongezea ukubwa bure,” akasema kwa ukarimu ambao huwezi kuukasirikia. Kisha akaichapa kwa printa ya wino kwenye karatasi inayonyonya, mistari ikanenepa ikasogeleana, na mwisho, kwa kutupenda, akailaminisha kwa plastiki inayong'aa. Mwanga wa skana uligonga pale ukarudi wote machoni kwa Mamdogo.

Tukanunua printa ndogo ya lebo Kariakoo, ya joto, isiyotumia wino. Muuzaji alituapia inachapa chochote. Inachapa nukta 8 kwa milimita, basi kila nukta ni milimita 0.125, na mstari mwembamba wa bakodi ya kipimo kamili ni milimita 0.33. Nukta mbili na zaidi ya nusu. Printa haiwezi kuchapa nusu nukta, kwa hiyo mistari mingine inaipa nukta mbili, mingine tatu, kila mmoja kwa bahati yake. Ukiiambia itumie nukta 3 kwa kila mstari mwembamba, bakodi nzima na weupe wake inakuwa milimita 42 na ushee, inasomeka. Kwenye chupa nyembamba, ambapo upana huo unazunguka kona, tuliigeuza mistari ilale. Kaka akauliza kama sasa skana nayo ilale. Ndiyo, unaigeuza mkono kidogo.

Karatasi ya joto ina tabia moja unayoijua kama umewahi kutunza risiti ya EFD: inafifia. Na ikipigwa na jua kali inafanya kinyume, inakuwa nyeusi. Kijana wa bodaboda aliacha mzigo juani adhuhuri akaenda kula, aliporudi lebo zote zilikuwa zimevaa kaniki. Za safari ndefu sasa tunazichapa kwa printa yenye riboni.

Siku mambo yote yalipokubali, Mamdogo alihesabu stoo nzima peke yake, akifurahia kila mlio. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba skana ya waya, kwa kompyuta, ni kibodi tu: inaandika tarakimu kisha inabonyeza ingiza, popote kishale kilipo. Kishale kilikuwa kwenye WhatsApp, kwenye kundi la kamati ya harusi ya binti wa jirani. Ikaingia 2000000000015. Ikaingia tena. Zikaingia chupa zote za asali, moja moja, kisha karafuu. Wajumbe walidhani mweka hazina ameanza kutuma namba za malipo. Mmoja akaandika kwamba amejaribu kulipa mchango wake kwa namba hiyo lakini mfumo unakataa, naye asihesabiwe amechelewa. Mwingine akaandika “Amina”.

Mzigo unakwenda vizuri siku hizi, maandazi ya asumini hayajarudi. Isipokuwa Mamdogo amenogewa. Ana masufuria makubwa ambayo mtaa mzima humwazima kwa shughuli, na ambayo huwa yanasahau njia ya kurudi. Ameyabandika stika yote, anayapitisha kwenye skana yakitoka, na jina la mwazimaji analiandika mbele ya macho yake. Msiba wa mwezi uliopita yalirudi yote, yamesuguliwa. Mifuniko ndiyo haijarudi. Mifuniko hatukuibandika stika.