Mshauri wa Ampli: Fyuzi Haina Kosa

"Yaya Mshauri, ampli yangu ya gitaa, hizi za transista, ilikata fyuzi katikati ya harusi. Nikaizungushia fyuzi karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ikaimba nyimbo mbili vizuri sana, kisha ikatoa moshi na kunyamaza. Mpiga besi, jirani yangu, ndiye aliyekuwa akiikodolea macho usiku kucha. Nimfanye nini? Wako, Mpiga Solo, Nyangwe."

Mdogo wangu, mpiga besi mwombe radhi, kisha mwombe akushikie tochi. Fyuzi haikatwi na husuda. Hukatwa na umeme uliozidi kiasi kilichoandikwa juu yake, kwa hiyo ikikatika ni shahidi aliyekuja barazani kwa kadhi kueleza alichokiona, nawe ukamziba mdomo kwa karatasi ya sigara. Sasa tumsikilize. Unasema ampli iliimba nyimbo mbili baada ya hila yako. Huo ni ushahidi mzito, maana ampli ambayo transista zake kubwa zimeshapiga shoti haiimbi hata ubeti mmoja. Basi fyuzi ilipokatika, transista zilikuwa bado hai. Tatizo lilikuwa mzigo. Nakuuliza bila kukushtaki: siku ile ulichomeka spika ngapi? Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, ampli inaona omu 4. Ongeza ya tatu, kwa kuwa wageni wamejaa hadi barabarani, inaona omu 2.7 hivi. Nyuma ya ampli nyingi imeandikwa usishuke chini ya omu 4, na anayepuuza maandishi hayo huzilazimisha transista kupitisha umeme mwingi mno katika joto la jimbo letu la Maniema, mara nyingi ampli yenyewe ikiwa imefunikwa kitambaa ili ipendeze. Fyuzi ilikatika ili transista zipone. Karatasi yako ndiyo iliyoziua.

Utasema fyuzi nyingine hufa kwa uzee tu. Ni kweli, uzi wake huchoka kwa kupata moto na kupoa miaka mingi. Ndiyo maana ruhusa ipo ya kuweka fyuzi mpya mara moja, yenye namba ileile na herufi ileile: iliyoandikwa T huvumilia mshtuko wa kuwashwa, iliyoandikwa F haivumilii. Ikikatika na ya pili, acha. Chomoa waya wa umeme, tenga spika, subiri kapasita kubwa zipungue nguvu na uzipime kwa mita kabla ya kugusa chochote, kwa sababu huhifadhi umeme hata jenereta ikiwa imezimwa. Kisha pima transista za mwisho, zile zilizokaa kwenye bati la kupozea. Mita ikiwa kwenye alama ya dayodi, kati ya besi na emita ya transista nzima utasoma kama 0.6; lakini kati ya kolekta na emita ukisoma sifuri pande zote mbili, umemkuta marehemu. Na marehemu huyu hafi peke yake. Transista ndogo zinazomsukuma na vile virezista vya sehemu ya omu vilivyo kando yake huondoka naye mara nyingi, kwa hiyo fundi anayebadilisha moja tu na kuwasha palepale ananunua kifo cha pili.

Hapo ndipo wasomaji wa Kasongo wananikatiza kwamba Jumapili haingoji vipimo, na fundi wa sokoni humaliza kazi kwa saa moja. Saa moja ni rahisi ukiwa na sanduku la vipuri. Ila tangu siku za misafara ya biashara ya Ujiji bidhaa hufika Nyangwe zikiwa zimesafiri mno, na transista inayoshuka leo kutoka Bukavu kwa pikipiki inaweza kuwa ya bandia pia, maana majina mashuhuri kama 2N3055 hughushiwa sana. Mahali ambapo kipuri ni adimu, kupima ndiyo njia ya haraka. Kifaa kinachokulinda ni cha bei ndogo: taa ya uzi ya wati 60 au 100, iungwe kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaoingia ampli, bado bila spika. Ukiwasha, taa ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti kubwa. Ikibaki inawaka kwa nguvu, shoti ipo, lakini taa imeubeba umeme na transista zako mpya huenda zimesalimika. Mtaniambia madukani zimebaki za LED tu, nazo kweli hazifai kwa kazi hii; halojeni ya volti 220 inafaa. Taa ikififia, pima volti za DC kwenye matundu ya spika. Karibu na sifuri, yaani sehemu ndogo ya volti, rudisha spika. Ukikuta volti kumi, thelathini, usithubutu, kwa kuwa umeme huo utaunguza koili ya spika. Wala msiniambie hayo ni mambo ya maabara za Ulaya. Wanamuziki wa Konono No. 1 wa Kinshasa walijitengenezea maikrofoni za likembe kwa sumaku za magari mabovu, na mwaka 2004 albamu yao ya Congotronics ikasikika duniani.

"Mheshimiwa Mshauri, ampli ya kwaya yetu huzimika sauti katikati ya wimbo. Tukiipiga ngumi, hurudi. Kwaya ya pili wanatucheka. Je, wametufanyia kitu? Katibu wa Kwaya, Kasongo."

Katibu, kitu kinachopona kwa ngumi kina ugonjwa wa kuunganika, na kama ni lehemu iliyopasuka, ninyi mmekuwa mkiipasua zaidi. Tazameni nyuma: kama kuna matundu mawili yaliyoandikwa SEND na RETURN, chomekeni waya mfupi kutoka moja hadi jingine. Sauti ikirudi na kutulia, vibati vya ndani ya tundu la RETURN vimepata kutu kwa unyevu, na vinahitaji kusafishwa tu. Isiporudi, gitaa lichomekwe moja kwa moja kwenye RETURN: likisikika, nusu ya mwisho ya ampli ni nzima na hamna haja ya kugusa transista hata moja, tafuteni lehemu iliyopasuka kwenye tundu la gitaa. Kwaya ya pili hawana hatia. Kuwacheka ninyi ni dhambi nyingine, na hiyo haimo katika safu hii.

"Yaya, vidhibiti vya ampli yangu vinakwaruza nikivizungusha. Naweza kuvitia mafuta ya mawese? Mvivu, Kabambare."

Hapana. Mafuta yatanasa vumbi na baada ya muda kidhibiti kitakwaruza zaidi. Tafuta dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, ipulize ndani ya kidhibiti, kizungushe mara nyingi, kiache kikauke. Mawese yapelekwe kwenye sombe.