Mbio Barabarani, Jalala Puani

Ukitaka kumwona tajiri akipiga magoti bila kwenda ibadani, nenda Uingereza majani yanapopukutika. Gari lake la kifahari, Porsche Boxster, lililotoka 1996, injini yake iko nyuma ya viti, lakini rejeta zimekaa mbele, moja kila pembe ya bampa, na mbele ya kila rejeta kuna kondensa ya kiyoyozi. Yale matundu makubwa ya kutishia wapita njia hunyonya hewa, na pamoja nayo majani, vijiti na vipande vya plastiki. Vikilowa vinaoza humo humo, vinaila alumini ya kondensa taratibu mpaka gesi inavuja.

Basi bwana aliyelipia kasi ya kilomita 240 kwa saa anajikunja na bomba la mashine ya kufyonza vumbi, akichokonoa kwa vidole viwili. Mwenye bidii anafungua bampa zima. Wengine wananunua wavu wa kuziba matundu. Yaani unalipia gari la kupasua upepo, halafu unalipia chujio la upepo huohuo. Jirani yake, mwenye kigari cha kawaida, anapita na fagio na kumsalimia kwa adabu zote. Yeye anafagia ua. Mwenzake anafagia gari.