Sifa za Kithiripi, Mheshimiwa wa Ua la Kunde

Simba, ndovu na farasi wameshaimbiwa vya kutosha. Leo zamu ni ya kithiripi, ambaye urefu wake ni kama milimita moja tu, na ambaye mkulima wa kunde humjua kwa hasara: maua yamepukutika, maganda hayakuja.

Sifa huanza na nasaba. Mwaka 1744 Mswidi De Geer aliuita ukoo wake Physapus, kwa ajili ya vibofu vilivyo kwenye ncha za miguu. Mwaka 1758 Linnaeus akaandika Thrips, na hilo ndilo lililoshika. Mwaka 1836 Haliday wa Ireland akaupandisha cheo ukawa oda, Thysanoptera, kwa heshima ya matamvua yanayopamba mbawa. Mabwana wazima hao, na mdudu mwenyewe ukipiga chafya humwoni tena.

Wa kwetu kajaliwa zaidi. Mwaka 1905 na 1906 Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa Waswidi Kilimanjaro na Meru, wakakusanya kila kitambaacho na kirukacho. Mwaka 1908 Filip Trybom akamtangaza kithiripi huyu kwa jina la mkuu wa msafara: Physopus sjostedti. Baadaye akahamishiwa Taeniothrips, kisha Megalurothrips. Jenasi tatu! Mwanasiasa akihama chama walau huitisha mkutano wa hadhara. Huyu hakubanduka hata kwenye ua.

Na wasomi anawainamisha kwelikweli. Kumtazama kiganjani hakutoshi kumtaja kwa yakini. Shurti alainishwe kwa dawa, alazwe juu ya kioo, mbawa zikunjuliwe, ndipo mtu mwenye shahada tatu ainamie hadubini kuhesabu pingili za vipapasio na vinyweleo vya kichwani, kimoja kimoja, na kila kimoja kimeota wapi. Mheshimiwa mwenyewe hana makuu: ana taya moja tu, la kushoto. Hilo linamtosha kutoboa jani, kisha anafyonza.

Nisimsahau binamu yake, Thrips tabaci. Lindeman alimpa jina la tumbaku mwaka 1889, na tumbaku kweli anaila. Ila kawaulize wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, majani yanapogeuka rangi ya fedha, kama jina hilo limewatendea haki. Rufaa haipo: kanuni za wanazuoni zinalipa haki jina lililotangulia, hata kama limelitaja shamba la jirani.