Jinsi ya Kumiliki Nchi kwa Kutumia Kampuni

Ndugu mwekezaji, kama una mtaji mdogo na tamaa kubwa, usihangaike na duka. Chukua nchi. Njia hii ilijaribiwa kwetu Tanzania karne ya 19, na wenye kampuni hawakujuta.

1. Ingia kimyakimya. Mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walisafiri hadi Unguja kwa majina ya uongo. Serikali yao haikuwa nyuma yao. Usijali: serikali huja mali ikishaonekana.

2. Mpandishe cheo mwenyeji. Katika mkataba wa Novemba 1884, Mangungo wa Msowero, Usagara, aliandikwa kuwa ni sultani. Sultani ana uwezo wa kukupa hata ardhi ambayo hajawahi kuikanyaga. Zawadi ziwepo, na kinywaji kikali kitangulie.

3. Andika kwa lugha yako. Mkataba ule ulikuwa wa Kijerumani. Urafiki uzungumzwe kwa mdomo. Ardhi iandikwe kwa wino.

4. Tafuta muhuri. Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza alitoa hati ya ulinzi, na vikaratasi vya Peters vikageuka himaya.

5. Kamata forodha. Mwaka 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodishia kampuni ya Peters, yaani Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, mwambao wake. Agosti, wakala wa kampuni huko Pangani, Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, akataka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali wa Sultani alipokataa, wakala akaleta wanamaji wenye bunduki. Hayo ndiyo mahusiano mema na jamii.

6. Watu wakichachamaa, piga yowe nyumbani. Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani waliitimua kampuni kutoka karibu mwambao wote. Ikabaki imejibanza Bagamoyo na Dar es Salaam. Bunge la Ujerumani likatoa marki milioni 2, Hermann von Wissmann akaja na askari wa kukodi. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Piga hesabu mwenyewe: faida ni ya kampuni, gharama ni za mlipakodi, kitanzi ni cha mwenyeji.

7. Ondoka bila kuondoka. Mwaka 1891 serikali ya Ujerumani ilichukua utawala, yaani hasara. Kampuni ikabaki na biashara na mashamba yake.

Tahadhari: mwongozo huu hauendi vizuri mahali ambapo watu wanasoma wanachotia saini. Mwaka 2017 Tanzania ilitunga sheria inayoliruhusu Bunge kupitia mikataba ya maliasili na kutaka masharti mabaya yajadiliwe upya. Kwa hiyo, mwekezaji, sisitiza usiri.

Nawe mwananchi, ukiambiwa mkataba wa madini ya kijijini kwenu ni siri, usiondoke mkutanoni. Omba nakala, na iwe ya Kiswahili.