Mjomba Turubai Anajibu: Gari Moja, Malalamiko Sita

Safari hii Mjomba ameletewa barua sita kutoka Dar es Salaam. Alipofika ya tatu akagundua kwamba waandishi wote walikuwa ndani ya gari moja. Ni marafiki waliochangishana, wakakodi Land Cruiser, wakafunga mahema kwenye keria na kushika barabara ya Morogoro mwezi Julai kwenda kulala katika hifadhi ya taifa ya Udzungwa, kisha ya Kitulo. Wamerudi salama, ila hawasalimiani. Kwa kuwa kila mmoja ameomba jibu lake liwe siri, Mjomba ameona ni haki ayachapishe yote pamoja.

"Shikamoo Mjomba. Nilichangisha kiingilio cha siku moja Udzungwa. Tuliingia saa nane mchana, tukatoka kesho yake saa kumi, nikaambiwa tumepitiliza. Halafu binamu wa mwenzetu aliyetoka London akagoma kulipa zaidi ya sisi. Sasa naitwa mwizi." Mweka Hazina, Tabata.

Marahaba. Mweka Hazina si mwizi. Kosa lake ni kuhesabu siku kama mwenye nyumba ya wageni. Kiingilio cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ni cha saa 24, na saa hizo hazijali nani alichelewa kuoga wala nani alikuwa anatafuta chaja. Ada ya kupiga kambi ni nyingine, hulipwa kwa kila kichwa kwa kila usiku, na malipo ni ya kielektroniki, kwa hiyo lile bunda la noti lililofichwa kwenye soksi lilisafiri bure. Kuhusu binamu, raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na mgeni wa nje hutozwa kwa dola. Mwenye pasipoti ya Uingereza ni mgeni hata kama Kiswahili chake ni cha Kariakoo na anakula ugali kwa mkono. Mjomba anashauri hesabu zote ziwekwe kwenye kundi la WhatsApp kabla gari halijawashwa, pamoja na jina la atakayelipia saa za ziada.

"Mjomba, mimi ndiye niliyeshikilia tukodi gari la kupanda milima. Kufika Udzungwa tunaambiwa gari libaki getini, twende kwa miguu. Tumetapeliwa?" Mpenda Gari, Mbezi.

Hawajatapeliwa. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara za magari za kuizungukia. Mgeni huingia na mwongozaji na viatu vyake. Msitu umeng'ang'ania kwenye mteremko mkali kiasi kwamba wanasayansi hawakumtambua nyani aitwaye mangabe wa Sanje hadi mwaka 1979, ilhali wanakijiji walikuwa wakimsikia akipiga kelele siku zote. Maporomoko ya Sanje yenyewe yanashuka takriban mita 170, kwa hatua tatu. Ukisimama juu, mashamba ya miwa ya Kilombero yanaonekana chini yamenyooka kama yamepigwa rula, halafu yanakomea ghafla pale msitu unapoanzia. Gari, hata likiwa la bei mbaya kiasi gani, halina dirisha la kuangalia huko.

"Mjomba, kule Kitulo nilichemsha maharage tangu adhuhuri hadi usiku. Maji yalitokota kweli, lakini maharage yalibaki kokoto. Wenzangu wanasema sijui kupika. Nimepika misiba mitatu!" Mpishi, Mbagala.

Mjomba anamtetea mpishi kwa nguvu zote. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600. Huko juu hewa ni nyepesi, inayakandamiza maji kidogo, kwa hiyo yanatokota yakiwa na joto la nyuzi 91 hivi badala ya 100 za Mbagala. Kuongeza kuni hakusaidii, maana maji yakishatokota hayazidi hapo. Kinachoongezeka ni mvuke na moshi. Dawa ni sufuria ya presha. Asiyekuwa nayo aloweke maharage usiku kucha na ayaivishe huko chini, mjini Chimala, kabla ya kupanda. Mlimani yapashwe tu.

"Mjomba, Udzungwa tulilala na shuka moja tukatokwa jasho. Kitulo nikatetemeka hadi meno yakagongana. Niliingiza jiko la mkaa hemani, mwenzangu akalitupa nje na chakula juu yake. Si dharau hiyo?" Wa Hema la Kijani, Ukonga.

Hapa Mjomba anaweka utani pembeni. Mkaa unaowaka ndani ya hema hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huhisi kichwa kinauma, kisha usingizi mzito, na wengi hawaamki. Aliyelitupa jiko hakudharau mtu; apelekewe kuku.

Kuhusu baridi, kundi lilidanganywa na kambi ya Mang'ula kule Udzungwa, ambayo iko miguuni pa mlima, kwenye joto la bonde. Kwa kadirio la kawaida, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi. Usiku wa Julai wenye nyuzi 20 pale Ukonga unakuwa wa nyuzi 4 au 5 Kitulo, na anga likiwa wazi nyasi huamka na barafu. Baridi kali hutokea ardhini, kwa hiyo blanketi la pili litandikwe chini ya mtu, juu ya godoro la sponji.

"Mjomba, niliahidiwa Bustani ya Mungu. Nilinunua gauni la kupigia picha. Nimekuta majani makavu na ng'ombe." Mpenda Maua, Sinza.

Bustani ipo, ila Mpenda Maua alibisha hodi wakati imelala. Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea, na ina aina 45 za okidi. Maua hayo hufuata mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Anayeyataka akubali na matope, na gauni livaliwe na mabuti. Akiona okidi asiichimbe: viazi vyake vya ardhini vimekuwa vikivushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho chikanda, na uchimbaji huo ni mojawapo ya sababu za kuilinda bustani.

"Mjomba, mimi dereva. Wananisema nilikwenda kama konokono Mikumi, Kitonga na Chimala. Sasa wanataka niwapeleke tena Februari. Nikubali?" Dereva, Kimara.

Mjomba anasimama kumpa mkono. Barabara kuu inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, twiga na tembo huvuka bila kuangalia kushoto wala kulia, na anayemgonga mnyama hulipia. Kwenye mlima wa Kitonga malori hupanda yakiguna na kuteremka yakinuka breki. Ama barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba, jina lake ni Hamsini na Saba kwa sababu hizo ndizo kona zake. Kuteremka pale ni kwa gia ndogo, breki zikipumzika.

Akubali, kwa masharti. Posho ilipwe kabla ya kuvuka Kibaha. Mpenda Gari akae nyuma. Wapite pia Mlima Rungwe, ambako kima aitwaye kipunji alitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, baada ya watafiti kusikiliza habari za wawindaji wa Kinyakyusa. Na anayetaka kuchimba dawa aseme wakiwa bado Chimala, asingoje kona ya thelathini.